Aliyesahau Ahadi, Je, Ameivunja?

Swali hili likisomwa kwa haraka laonekana jepesi. Mtu akisema, "Nimesahau," sisi kwa ada yetu hufanya moja katika mawili: humsamehe kwa kuwa twampenda, au humhukumu kwa kuwa hatumpendi. Katika yote mawili hatukulipima jambo lenyewe, bali tumeupima moyo wetu. Twataka leo kulipima jambo lenyewe, na mfano tutakaouchukua ni wa maradhi ambayo wengi katika wasomaji wetu hawajapata kuyasikia jina lake, na hao walioyasikia hudhani kuwa ni maradhi ya miguu tu.

Madaktari huyaita maltipo sklerosisi, na maana yake ni makovu mengi. Ubongo wa mwanadamu hupeleka amri na kupokea khabari kwa nyuzi nyembamba mno, na nyuzi nyingi katika hizo zina ala ya mafuta, mfano wa waya wa stima uliovishwa mpira. Katika maradhi haya wale askari wa mwili, waliowekwa kupigana na vijidudu, huigeukia ala hiyo wakaila. Ala ikitoweka, khabari hupita kwa kujikokota, au hupotea njiani. Mahali palipoliwa pakipoa hubaki kovu gumu, na hapo ndipo lilipotoka jina. Kovu likiangukia uzi wa jicho, jicho hufifia. Likiwa katika uti wa mgongo, miguu hufa ganzi na mwendo huyumba. Na makovu yakizidi ndani ya ubongo, na ubongo wenyewe ukaanza kusinyaa, hapo zinazoguswa ni nguvu za fikra.

Si maradhi ya wazee haya. Aghalabu huanza mtu akiwa kati ya miaka 20 na 40, katika umri wa kulea na kuchuma, na wanawake wanaopatwa ni zaidi ya mara mbili ya wanaume. Hesabu iliyotolewa mwaka 2023 ilikadiria kuwa watu milioni 2.9 duniani wanaishi nayo.

Jean-Martin Charcot, tabibu wa hospitali ya Salpêtrière mjini Paris, ndiye aliyeyaeleza maradhi haya kwa uwazi mwaka 1868. Yeye hakuficha kuwa baadhi ya wagonjwa wake walipungukiwa na kumbukumbu na fikra zao zilikwenda polepole. Lakini waliokuja nyuma yake, kwa muda wa karibu miaka mia, walishika kuwa akili haiguswi ila kwa wachache. Na sababu ya kughafilika kwao ndiyo inayotuhusu sisi. Tabibu alimjua mgonjwa kwa kuzungumza naye kitandani, na mazungumzo ndiyo aghalabu yasiyoharibika. Mgonjwa alijua jina lake, watoto wake, mji wake, na khabari za zamani. Alijibu kwa adabu, na huenda akafanya na mzaha. Tabibu akaandika: akili yake ni timamu. Ilipofika mwaka 1991, Stephen Rao na wenziwe huko Marekani wakatangaza matokeo ya kuwapima wagonjwa 100 waliokuwa wakiishi majumbani mwao, si waliolazwa, wakiwalinganisha na watu 100 wazima. Walikuta kiasi cha 43 katika mia wana upungufu wa nguvu za fikra. Waliofuata wamepata hesabu ya namna hiyo au kubwa zaidi.

Basi ni kitu gani kinachopungua? Kwanza ni kasi. Mgonjwa huwekewa karatasi yenye alama tisa, kila alama na tarakimu yake, kisha hupewa safu ndefu ya alama hizo azitaje tarakimu zake kwa muda wa sekunde 90. Kila jibu alitoalo huenda likawa sahihi, lakini atoa majibu machache kuliko mtu wa umri wake na elimu yake. Pili ni kumbukumbu ya mambo mapya. Aliyoyajua miaka kumi iliyopita anayo. Aliloambiwa jana jioni, watu watatu wakisema kwa pamoja, huenda halikuingia kabisa. Tatu ni kushika mambo mawili kwa wakati mmoja, na kuyapanga yajayo. Na pamoja na haya kuna uchovu usiofanana na uchovu wetu, ambao mtu hulala usiku kucha akaamka nao.

Wala mambo haya hayafuati miguu. Yuko aliye katika kiti cha magurudumu na fikra zake ni nyepesi kuliko zetu, na yuko atembeaye vyema, hapana amwonaye kuwa ni mgonjwa, naye hawezi kuifuata hesabu ya duka. Huyu wa pili ndiye tumwandikiaye, kwa kuwa wa kwanza watu humhurumia kwa kumwona tu.

Twende sasa Tetu. Tetu ni sehemu ya Nyeri, ipandayo kutoka upande wa mji hadi msitu wa Aberdare, nchi ya baridi na chai, ambayo wasomaji wetu wengi waijua kwa kuwa ndiko alikozaliwa Wangari Maathai, aliyekuwa mbunge wake kutoka uchaguzi wa 2002 hadi 2007 na kupata Tuzo ya Nobel ya Amani mwaka 2004. Tumechagua huko kwa sababu mbili. Ya kwanza ni kuwa maradhi haya yajulikana kuwa mengi katika nchi zilizo mbali na ikweta, kama Uskoti na Kanada, na machache katika nchi zilizo karibu nayo; na mstari wa ikweta wapita Nanyuki, si mbali na Nyeri. Lakini machache si kutokuwako. Mwaka 1989 jarida la madaktari la Afrika Mashariki lilichapisha makala ya daktari A. M. Adam juu ya maradhi haya katika Kenya, na tangu hapo hapana awezaye kusema kuwa ni maradhi ya Wazungu peke yao. Uchache wake ndio unaomdhuru mgonjwa. Kipimo chake ni picha za mashine ya MRI zikisomwa na daktari wa mishipa ya fahamu, na madaktari hao ni wachache katika nchi nzima na wengi wao wako Nairobi. Mtu huenda akakaa miaka na ugonjwa usio na jina, na ugonjwa usio na jina hupewa jina na majirani. Akiyumba njiani, amelewa. Akisahau, ana dharau. Akilia pasipo sababu, amerogwa.

Na sababu ya pili ni chama. Katika milima ile, kama ilivyo kwetu pwani katika michezo ya fedha na upatu, wanawake hukusanya akiba zao mikononi mwa mmoja waliyemwamini. Natuweke mfano. Mwanamke wa miaka thelathini na mitano, mchuma chai, ndiye mweka hazina wa chama chake kwa miaka sita, na hapana shilingi iliyopotea. Mwaka wa saba mambo yaanza kuharibika. Huyu amempa mchango wake wakiwa katika foleni ya kupima majani, naye hakuandika. Yule amemtumia kwa simu, na ujumbe ukafunikwa na jumbe nyingine. Aliahidi kuleta daftari Jumamosi, hakuleta. Mkutano wafanywa, wanawake ishirini wasema kwa pamoja, na kila aulizwapo jambo anyamaza kitambo kabla ya kujibu. Kule kunyamaza, enyi wasomaji, ndiko kunakomhukumu. Watu husema: mkweli hujibu papo hapo, mwongo ndiye atafutaye la kusema.

Hapa twaona watu hugawanyika mafungu mawili. Fungu la kwanza husema: huyu ni mwizi, au kwa uchache ni mpuuzi, ahadi ni deni, na maradhi gani haya yasiyomzuia kucheka na kuzungumza? Fungu la pili, akisha kujulikana kuwa ni mgonjwa, husema: masikini, akili yake imekwenda, mwacheni, wala msimpe tena jambo lolote. Watu wa fungu hili hujiona ni wema kuliko wa fungu la kwanza. Sisi twaona kuwa mafungu yote mawili yamesimama juu ya kosa moja, nalo ni kudhani kuwa akili ni taa, imewaka au imezimika. La kwanza laona mwanga, likasema kila kitu kimo. La pili laona giza katika pembe moja, likasema hakuna kitu.

Mafakihi wetu walikwisha kutenga jambo ambalo sisi twalichanganya. Mwenye kula mchana wa Ramadhani kwa kusahau, saumu yake i palepale. Aliyesahau sala mpaka wakati wake ukatoka hana dhambi, lakini sala i juu yake, ataisali akumbukapo. Na aliyeharibu mali ya mwenziwe kwa kusahau, dhambi hana, ila fidia ya mali hiyo i juu yake. Tazama mambo haya matatu yalivyopangwa. Dhambi ni jambo moja na deni ni jambo jingine. La kwanza lafuata nia, na la pili lafuata haki ya mtu mwingine. Mwenye kufuta dhambi hakulifuta deni, na mwenye kudai deni hakuthibitisha dhambi.

Basi turudi kwa mweka hazina wetu. Fedha za wanawake ishirini hazikuwa sadaka, na kila mmoja ana haki ya kurejeshewa yake. Anayewaambia waziache kwa huruma awadhulumu wao, na huenda katika hao yuko aliye maskini kuliko mgonjwa. Lakini jina la mwizi ni dhuluma nyingine, na fedha hurudi upesi kuliko jina. Ahadi yake ya Jumamosi haikutekelezwa. Hilo ni kweli. Kwamba aliivunja, hilo si kweli, kwa kuwa kuvunja ni kitendo cha mwenye kuiona ahadi mbele yake akaipita. Huyu hakuiona.

Mbishi atasema: vyema, lakini alijua kuwa asahau, mbona hakuandika? Hoja hii ina nguvu. Asiyeona vizuri hana lawama kwa kutoona, lakini analawamiwa akiendesha gari. Aliyejua udhaifu wake ana wajibu juu ya udhaifu huo: kuweka daftari, kuomba msaidizi, au kuitoa amana mkononi mwake. Lawama ambayo haikumpata kwa kusahau yaweza kumpata kwa kutojilinda na kusahau. Twakubali, ila kwa sharti moja, nalo ni kwamba awe alijua. Na hapa maradhi haya yana hila mbaya. Waliowapima wagonjwa wameona kuwa yale asemayo mgonjwa juu ya kumbukumbu yake mwenyewe mara nyingi huifuata huzuni yake kuliko uwezo wake. Mwenye majonzi hudhani amepotelewa na kila kitu na hali anacho, na aliyepungukiwa kweli huenda akasema hana neno. Asemaye khabari zilizo karibu zaidi na kipimo ni yule akaaye naye: mume, mama, dada. Kwa hivyo wajibu wa kujua haumwangukii mgonjwa peke yake. Waliomwona mwaka mzima akibadilika, wakanong'onezana jikoni na wasimwambie, kisha wakamsimamisha mbele ya mkutano, wao nao wana fungu lao katika deni lile, na twaona ni fungu kubwa.

Lakini neno la jamaa lina khatari yake, na katika nchi ya Tetu khatari hiyo ina jina, nayo ni shamba. Mashamba ni madogo, yamegawanywa na babu na baba, na kila kipande kina macho yanayokitazama. Mtu akisha kusemwa kuwa akili yake imepungua, hapakosekani ndugu wa kumwambia, "Tia sahihi hapa, sisi tutakutunzia." Ndugu huyo huyo, lau mgonjwa angetia sahihi kumpa mtu mwingine, angekimbilia mahakamani kusema kuwa mgonjwa hakujua alitendalo. Akili ya mgonjwa huwa timamu akimpa yeye, na huwa pungufu akimpa mwenziwe.

Sheria imekuwa na insafu hapa kuliko watu. Sheria ya Urithi ya Kenya, ambayo sisi Waislamu mirathi yetu imetengwa nayo, yasema katika kifungu chake cha 5 kuwa mwenye kuandika wasia huhesabiwa kuwa na akili timamu, isipokuwa wakati ule wa kuutia sahihi alikuwa katika hali ya kutojua alitendalo, ikiwa kwa maradhi ya akili au ya mwili, au kwa ulevi, au kwa sababu nyingineyo. Na mwenye kudai hivyo ndiye atakiwaye kuleta ushahidi. Angalia maneno mawili: wakati ule. Haikuuliza kama mtu ni mgonjwa, iliuliza kama alijua alitendalo saa ile. Na mapatano ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2006 juu ya haki za watu wenye ulemavu, ambayo Kenya iliyaridhia mwaka 2008, yalikwenda mbele zaidi katika kifungu cha 12: mtu hapokonywi uwezo wake mbele ya sheria kwa ajili ya ulemavu wake, bali apewe msaada auhitajio ili autumie uwezo huo. Nasi katika vitabu vyetu tunao mlango wa hajri, wa kumzuia mtu asitumie mali yake. Wamo humo mtoto, na mwendawazimu, na mfujaji, na aliyefilisika. Mwenye fikra nzito aelewaye akielezwa polepole hatumwoni kuwa ni mmoja wao. Kumtia humo kwa kuwa alichelewa kujibu ni kumzulia mlango.

Wako wasemao kuwa maneno haya ni mazuri kwenye karatasi, lakini mkutano una haraka zake na soko lina haraka zake. Twauliza: ni nani aliyeweka haraka hiyo? Jambo lililompungukia mgonjwa huyu zaidi ni wakati, na wakati ni kitu ambacho sisi tunacho cha kumpa bila ya kupungukiwa. Mwulize jambo moja, ungoje. Usimmalizie sentensi yake. Mpe karatasi kabla ya siku ya mkutano, aisome kwake. Usimpe fedha njiani. Zima redio. Haya hayahitaji daktari wala fedha, na ni ajabu kuwa ndiyo yanayotushinda. Ama dawa, zilizopo hupunguza mashambulizi mapya ya ugonjwa, na mazoezi ya kumbukumbu yamewafaa baadhi ya watu. Lakini hapana dawa iwezayo kusemwa kwa yakini kuwa huirudisha kasi ya fikra iliyokwisha kupotea. Asemaye anayo, khasa akiiuza kwa chupa, tumwogope.

Liko na jambo linalotugusa watu wa pwani. Mwaka 1890 daktari wa Kijerumani, Wilhelm Uhthoff, alieleza kuwa macho ya wagonjwa hawa hufifia wakifanya kazi ya nguvu, na baadaye ikajulikana kuwa sababu ni joto la mwili. Joto huzidisha dalili zao kwa muda, na fikra nazo hulemewa, kisha mwili upoapo hali hurudi. Mtu aliyezoea baridi ya Tetu akiteremka Mombasa kumtembelea jamaa yake mwezi wa Februari, huenda akawa mwingine kabisa ifikapo saa nane ya mchana. Wenyeji wake watamwona mzito, mkavu wa maneno, asahauye jina la mtoto aliyetambulishwa kwake muda si mrefu. Watasema watu wa bara hawana adabu. Kumbe lau wangemweka penye upepo na maji ya baridi, wakazungumza naye baada ya alfajiri, wangempata mgeni waliyemwalika.

Limebaki swali la amana: je, mweka hazina wetu arudishiwe daftari? Tumelizungumza sana, na hatukuwa na kauli moja. Wengine katika sisi waliona kuwa mali ya watu haijaribiwi, na kuwa heshima ya mgonjwa yaweza kulindwa kwa kazi nyingine. Lakini wengi wetu tumeelekea kuwa arudishiwe, naye awe na mwenziwe: yeye apokee na mwenziwe aandike papo hapo, na hesabu isomwe kila wiki mbele ya wote. Hoja yetu ni kuwa mweka hazina mzima naye angefaa kuwekewa utaratibu huo huo, na chama ambacho fedha zake husalimika kwa kumbukumbu ya mtu mmoja kilikuwa na kasoro kabla ya ugonjwa kuingia. Akikataa yeye mwenyewe kwa kuwa amechoka, hilo ni jambo lake. Na siku atakapokwenda mbele ya bodi ya ardhi kuomba idhini juu ya kipande chake cha shamba, aende asubuhi, karatasi akiwa amekwisha kuzisoma siku mbili kabla, na pembeni yake pawe na mtu asiyerithi kitu kwake.